Maneno Kumi na Moja ya Shemasi

Mwanangu jina lake ni Lavelle Tolbert, lakini hapa Larkin, mji wetu mdogo, ni mama yake tu aliyemwita hivyo. Wengine wote wanamwita Shemasi. Jina alipewa na Mama Pinkston wa kanisani, mwaka ule mtoto alipokuwa na miaka sita na akamsahihisha mchungaji mbele ya watu.

Mchungaji alikuwa anasoma zaburi, akaruka mstari. Mtoto akasimama juu ya benchi.

"Umeruka, Mchungaji."

Mchungaji akatazama kitabu. Kweli alikuwa ameruka. Watu walicheka mpaka pepeo za karatasi walizokuwa wakijipepea zikawaponyoka mikononi. Mama Pinkston akasema, "Tumepata shemasi. Bado suruali tu ya kumtosha."

Pasaka kwetu watoto husimama mmoja mmoja kanisani kusema kipande walichokikariri. Mdogo hupewa mistari miwili. Mwenye kichwa hupewa ukurasa. Mama Pinkston ndiye aliyegawa vile vikaratasi, na Shemasi alipewa kurasa tatu akiwa na miaka minane. Alisimama na suti ya kijani, mikono nyuma, bila karatasi. Mke wangu Verlene alikaa benchi la pili na zile kurasa mapajani, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Mtoto hakuacha neno. Tuliporudi nyumbani Verlene aliziweka kurasa kwenye droo ya kabati la vyombo. Aliweka za kila Pasaka, mwaka hadi mwaka.

Mimi niliacha shule darasa la nne, nikaenda kuvuna pamba na baba yangu. Kwa hiyo mtoto kama yule nilimtazama kama mtu anavyomtazama mgeni wa heshima aliyeingia nyumbani kwake. Sikujua nimwambie nini. Nilikuwa na jambo moja tu nililolijua vizuri, nami nikamwambia hilo.

Jambo lenyewe ni la kiwandani. Nilifanya kazi miaka thelathini na moja kwenye kiwanda cha kambare. Nilikuwa kwenye msumeno wa kukata vichwa. Wanawake walisimama mbele yangu kidogo, na visu, wakitoa minofu. Mtu mpya akija, siku ya kwanza msimamizi husimama nyuma yake na saa. Anahesabu samaki kwa dakika. Hesabu ya siku ile ndiyo kipimo chako. Ukijionyesha siku ya kwanza umejichimbia kaburi, maana siku mkono umevimba, siku mtoto ana homa nawe hukulala, kipimo ni kile kile. Ukishuka chini yake unarudishwa nyumbani.

Verlene alikuja akiwa na miaka kumi na tisa. Alikuwa na mikono myepesi. Nilimwona anakwenda mbio na kisu, nikapita nyuma yake na ndoo.

"Polepole, dada. Siku ya kwanza usikimbie."

"Nani kakuuliza?"

"Hakuna."

"Basi pita na ndoo yako."

Lakini alipunguza. Jioni alinifuata nje kwenye bomba tulikokuwa tunaosha buti. "We mwenye ndoo. Kwa nini umeniambia vile?" Nikamweleza. Miezi saba baadaye tulioana. Alikaa pale kiwandani miaka ishirini na sita na hakushuka chini ya kipimo hata siku moja.

Shemasi alianza mpira akiwa na miaka tisa. Mpira wetu huu, wa kofia ngumu na mabega ya plastiki, ule mrefu unaobanwa kwapani. Yeye alikuwa wa kubeba. Anapewa mpira mkononi, anatafuta upenyo kati ya watu wanaotaka kumlaza chini. Hakuwa mkubwa, na wenye mbio kuliko yeye walikuwepo hata hapa Larkin. Ila alijua kila mtu uwanjani anatakiwa awe wapi. Verlene alikuwa akimuuliza mbinu jikoni huku anaosha vyombo. Anataja namba ya mbinu, Shemasi anamwambia watakachofanya watu wote kumi na mmoja, mmoja mmoja.

"Mimi nilikuuliza yako tu," Verlene anasema.

"Nikijua yangu tu nitagongana nao, Mama."

Alicheza shuleni, akacheza chuoni, chuo kidogo cha weusi wenzetu, saa mbili kutoka hapa. Alipomaliza zikaja zile siku tatu ambazo timu kubwa huchagua vijana na majina husomwa kwenye televisheni. Yalisomwa majina mia mbili na hamsini na kitu. Lake halikusomwa. Lilipopita la mwisho alizima televisheni akasema, "Mama, kunde zimebaki?" Hajamaliza sahani, simu ikalia. Timu moja ya kaskazini ilitaka watu wa kujaza mazoezi. Wasiochaguliwa ndivyo walivyo. Wanaitwa karamu ikiisha, wakaoshe sufuria.

Wiki moja kabla hajaondoka tulikaa barazani, mimi naye, tunamenya kunde. Verlene alikuwa kanisani kwenye mazoezi ya kwaya.

"Kuna mtihani wa kichwa," alisema. "Siku ya kwanza tu. Wanakuonyesha maneno ishirini kwenye kompyuta, halafu wanakuuliza."

"Wa nini?"

"Ukija kugongwa kichwa wanakupa tena. Ukishuka, unakaa benchi mpaka upande tena."

"Na ukikaa?"

"Mimi? Mimi nikikaa wiki moja, mtu mwingine ameshavaa shati langu, Baba."

Nilimenya ganda moja, nikamenya la pili.

"Basi siku ya kwanza usikimbie," nikasema.

Alicheka. "Ndivyo ulivyomwambia Mama."

"Na walimfukuza?"

"Hawakumfukuza."

Hayo ndiyo tuliyozungumza. Verlene aliporudi alikuta kunde ziko tayari kwenye bakuli, akasema leo jua limetoka magharibi, wanaume wawili wamefanya kazi bila kusukumwa.

Mwezi wa saba akapiga simu kutoka huko kambini. Nilipokea mimi.

"Baba. Nimeyakumbuka yote ishirini."

"Eh."

"Nikaandika tisa." Halafu akanitajia yale kumi na moja aliyoyaficha, mbio mbio, kama mtoto anayesema kipande cha Pasaka ili akakimbilie mayai yaliyofichwa uani. Siagi, kengele, daraja, na mengine. Tulicheka wote wawili.

Tangu siku hiyo ukawa mchezo wetu. Kila Jumapili baada ya mechi anapiga, na kabla ya salamu anayataja yote kumi na moja. Nami naitikia, "Haya, u mzima." Verlene ananyang'anya simu. "Mnazungumza nini nyie wawili? Orodha ya dukani?"

Alicheza miaka mitatu. Nasema alicheza, lakini katika miaka mitatu alibeba mpira mara kumi na tisa. Kazi yake hasa ilikuwa kukimbia mbele pale mpira unapopigwa kuanzisha mchezo, na kujitupa kwenye ukuta wa watu ili wenzake wapite. Shati lake lilikuwa namba arobaini na sita, na kocha mmoja alimwita hivyo, Arobaini na Sita, mwaka mzima. Aliachishwa mara sita na kurudishwa mara tano. Asubuhi ya kuachishwa mtu hugonga mlango na kusema, "Kocha anakuita. Njoo na kitabu chako." Kitabu ni kile cha mbinu. Shemasi aliniambia wenzake hujifungia bafuni, hujifanya wamelala. Yeye alikuwa anaweka kitabu juu ya begi, karibu na mlango, ili asimsumbue yule mtu.

Mara moja alifunga. Alikimbia yadi sitini na moja, hakuguswa, tukamwona kwenye televisheni akiweka mpira chini taratibu. Halafu mwamuzi akarusha kitambaa cha njano, alama ya kosa. Mwenzake alikuwa amemshika mtu shati huko nyuma. Ikafutwa. Verlene aliirekodi hata hivyo. Akimwonyesha mgeni huzima kabla kitambaa hakijaanguka.

Alipokuja likizo watu wa kwa kinyozi walimfurahia kwa namna yao.

"Shemasi, nimekaa Jumapili nzima nakutazama. Nimekuona unakunywa maji tu."

"Nilikunywaje?"

"Vizuri. Siwezi kusema uongo."

"Basi hela yangu ni halali."

Mwaka wa pili, mwezi wa kumi, aligongwa kichwa. Niliona. Alisimama akaenda upande wa maadui, mwenzake akamgeuza. Jumanne yake walimpa mtihani tena. Akakumbuka maneno kumi.

"Daktari kanipongeza, Baba. Kasema nimepanda."

Jumapili iliyofuata alicheza. Jioni alipiga simu, akataja maneno kumi na moja. Nikasema, "Haya, u mzima."

Mwaka wa tatu nilianza kuhesabu kwa vidole. Jumapili moja alitaja tisa. Akacheka, "Mawili yamekwenda chooni." Jumapili nyingine yakawa manane. Krismasi ilipofika yalikuwa saba, na hakujua kwamba ni saba. Aliyataja akanyamaza, akisubiri niitikie.

Nikaitikia.

Verlene alikuwa amesimama pale na mkono umenyooka, anataka simu. Nikampa.

Msimu ule ukaisha, mtu akagonga mlango, na hakuna timu iliyomwita tena. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Alirudi Larkin. Alifundisha watoto mpira shuleni, akaendesha lori la chakula cha samaki. Alioa, akaachwa, na mwanamke simlaumu. Shemasi aliyekuwa haruki neno akaanza kurudia hadithi ile ile mezani. Akasahau jiko linawaka. Akaendesha lori hadi bwawa lililofukiwa miaka kumi nyuma, akakaa humo ndani akisubiri mtu amfungulie geti.

Pasaka alipokuwa na miaka thelathini na tatu, Mama Pinkston, ambaye alikuwa hana nguvu tena ya kusimama, alimwomba aseme kile kipande chake cha kurasa tatu. Kwa furaha tu, kwa ajili ya zamani. Shemasi alikwenda mbele. Aliweka mikono nyuma. Alifungua mdomo.

Tulingoja. Watoto walianza kugeuka geuka kwenye mabenchi.

Verlene akasema mstari wa kwanza kutoka benchi la pili. Hakusimama. Shemasi alimtazama lakini hakuuchukua ule mstari. Verlene akasema wa pili. Akaendelea hivyo, kurasa zote tatu, na mwanangu amesimama mbele na mikono nyuma kama anasema yeye. Alipomaliza watu walipiga makofi polepole.

Daktari wa mjini alipiga picha za kichwa akasema ubongo umeumia, nao utaendelea kuisha. Kulikuwa na mfuko wa wachezaji wa zamani. Jopo la madaktari likikubali kwamba mtu ameharibiwa na mchezo, mfuko unalipia mtu wa kuja nyumbani kila siku, na mahali pa kumtunza wazazi wakiondoka. Tulitafuta wakili, mama mmoja anaitwa Bi Haverty.

"Msaada sawa," Verlene alimwambia. "Lakini mimi nataka waandike. Tuliwapa mtoto mzima. Waandike hivyo kwenye karatasi."

Bi Haverty alivua miwani. "Kuna kikwazo. Mtihani wake wa siku ya kwanza. Alikumbuka maneno tisa kati ya ishirini. Watasema ndivyo alivyozaliwa."

"Tisa?" alisema Verlene. "Lavelle?"

"Ndivyo ilivyoandikwa. Wapo wachezaji waliokuwa wanajishusha makusudi. Kama yeye alifanya hivyo na mtu akathibitisha, mfuko hautoi kitu. Kanuni zao ziko wazi. Kwa hiyo mimi sitaki kujua."

"Mwanangu hajawahi kudanganya kwenye mtihani." Verlene akanigeukia. "Hollis. Mwambie."

"Ni mtoto mwenye kichwa," nikasema.

"Umesikia," Verlene akamwambia wakili.

Siku ile ndiyo ningesema. Kwenye gari nilifungua mdomo, yeye akasema tupitie posta akanunue bahasha. Kesho yake ilikuwa ngumu kidogo zaidi, na kesho kutwa zaidi. Kwa miaka minne Verlene aliandika barua. Alizipiga kwa kidole kimoja kwenye kompyuta ya maktaba. Alitoa nakala za vipande vya Pasaka, ripoti za shule, barua ya Mama Pinkston ya mkono unaotetemeka. Walikataa mara mbili, na kila mara sababu ni ile ile, maneno tisa. Akiisoma barua yao anaiweka chini na kusema, "Siku ile alikuwa anaumwa. Lazima alikuwa anaumwa. Wewe ulizungumza naye, Hollis. Alikuwa anaumwa?"

"Sikumbuki."

Mara ya tatu walikubali kutuona ana kwa ana. Siku ikapangwa, mwezi wa tatu. Mwezi wa pili moyo wa Verlene ukachoka. Alikaa hospitali siku nne. Siku ya nne aliniuliza, "Barua imekuja?"

"Ya kutukumbusha siku tu."

"Vaa suti ya kijivu. Na Lavelle akanyolewe."

"Sawa."

Usiku ule alifariki.

Nilivaa suti ya kijivu. Shemasi alinyolewa. Shondra, binti wa dada yangu, mwalimu, ndiye aliyetuendesha. Tulipanda hadi ghorofa ya nne. Walikuwa madaktari watatu nyuma ya meza ndefu, na wa katikati alikuwa mzee kama mimi. Walimpa Shemasi maneno ishirini mapya. Akakumbuka sita. Akaomba radhi.

"Bwana Tolbert," yule mzee akaniambia, "tunakupa pole kwa mkeo. Barua zake tumezisoma."

"Zote?"

"Zote. Lakini tazama tatizo letu. Alipoingia, tisa. Leo, sita. Pengo ni dogo. Hatuwezi kusema kwamba alikuwa na kitu kikapotea. Huenda ndivyo alivyokuwa."

Verlene hakuwepo. Angekuwepo angesimama.

"Alikumbuka ishirini," nikasema.

Bi Haverty akanigusa mkono wa koti. "Mzee, hujaulizwa."

"Najua." Nikamtazama yule daktari. "Alikumbuka ishirini, akaandika tisa. Yale kumi na moja alinitajia kwenye simu jioni ile."

"Ni miaka mingi, Bwana Tolbert."

"Alinitajia kila Jumapili."

"Unayakumbuka?"

"Saba. Manne yalimtoka, nami yakanitoka." Nikasimama, maana sijui kusema kipande nikiwa nimekaa. "Siagi. Kengele. Daraja. Sufuria. Shangazi. Mvua. Kiatu."

Daktari alifungua jalada. Alifunua karatasi nyingi, akafika kwenye moja, akaweka kidole juu, kidole kikaanza kushuka. Nilikitazama kile kidole.

"Yamo," akasema.

"Yote?" akauliza wa kushoto.

"Yote saba. Na hayamo katika yale tisa aliyoandika." Akanitazama. "Nani alimwambia afanye hivyo?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Kiwandani ndivyo tunavyofanya."

Bi Haverty alifunga faili lake. Shemasi akaniinamia sikioni.

"Baba, tumemaliza?"

"Karibu."

Njiani Shondra aliendesha maili ishirini, macho barabarani. Halafu akasema, "Ungekaa kimya, Mjomba. Pengine wangekubali."

"Pengine."

"Mama Verlene amehangaika miaka minne. Wewe una miaka sabini na tano. Nani atamwogesha Shemasi ukianguka?"

Niligeuka kutazama. Shemasi alikuwa nyuma, anasoma vibao vya barabarani kwa sauti, kimoja baada ya kingine.

Barua ilikuja mwezi wa tano. Shondra alikuja nayo kutoka posta, akaifungua mezani. Shemasi alikuwa anakula mkate wa mahindi na kunde.

"Wamekataa," alisema. "Wanasema mwombaji aliharibu kipimo chake mwenyewe kwa makusudi, kwa hiyo kwa kanuni zao mfuko hauwezi kulipa. Ndiyo mwisho. Hakuna rufaa."

"Endelea."

"Ndiyo hivyo, Mjomba."

"Kuna mistari hapo chini. Naiona."

Akashusha macho. Akasoma taratibu, sauti ya darasani. "Hata hivyo, jopo limeridhika kwamba mwombaji alipoingia kwenye ligi alikuwa na kumbukumbu kamili, iliyozidi ya wenzake wa rika lake, na kwamba hali yake ya leo imetokana na yaliyompata baada ya hapo."

"Soma tena."

Akasoma tena. Nilimsomesha mara nne. Mara ya nne aliiweka barua mezani, akaenda kunywa maji.

"Nani huyo?" Shemasi akauliza.

"Mtu mmoja wa hapa Larkin."

"Ana kichwa." Alifuta sahani kwa mkate. "Mama anajua?"

Mwanzoni nilikuwa namwambia kila anapouliza kwamba mama yake amekufa. Kila mara kwake ilikuwa ndiyo mara ya kwanza, na alilia kama vile. Tangu Pasaka nimeacha.

"Nitamwambia," nikasema.

Wiki ile nzima nilijifunza ule mstari. Shondra aliupigia kalamu nyekundu, akanisomea kila jioni, nikaurudia mbele ya kioo cha kunyolea ndevu, bwawani, kitandani upande wangu. Jumapili baada ya ibada nilikwenda makaburini nyuma ya kanisa, Shemasi nikamwacha ndani ya gari na redio. Nilivua kofia. Nilisema mstari wote bila karatasi. Halafu nikamwambia Verlene habari ya barazani, siku ya kunde, na maneno ya Jumapili, na jinsi nilivyojua Krismasi ile nikiwa nimeshika simu. Nikamwambia, yale niliyokwambia wewe siku ya ndoo ndiyo niliyomwambia yeye. Sikuwa na mengine.

Nikavaa kofia. Nikarudi garini.

Hatukuondoka mara moja. Nilizima redio. Nikaweka mikono kwenye usukani nikasema, kama zamani, mbio mbio, "Siagi, kengele, daraja, sufuria, shangazi, mvua, kiatu."

Nikanyamaza. Yalikuwa yamebaki manne. Nilingoja.

Shemasi alinigeukia. Alinitazama kwa makini, kama mtu anayetaka kusaidia.

"Siagi imeisha, Baba?"

"Imeisha."

"Basi tupitie dukani."

Tukapitia dukani. Tulinunua siagi.